Kwa Nini Ungo Umeangikwa Katika Banda la Wageni

Kila mgeni anayeingia katika Banda la Wageni hapa Lusungo hutazama kompyuta kwanza, halafu macho yake hupanda ukutani na kukwama kwenye ungo. Ni ungo wa kawaida wa kupepetea, umefungwa upya ukingoni mara mbili, na ndani yake mna kibodi moja kuukuu isiyounganishwa popote. Wengi huona haya kuuliza. Wengine hudhani ni zindiko. Ninyi mliokuja leo mmeuliza kabla hamjavua hata makoti ya mvua, na huku kwetu anayeuliza hatupiwi kitabu, hupewa kisa. Kaeni. Hilo benchi la mbele lina mguu mmoja mfupi, msilisukume.

Zamani, kabla ungo haujapanda ukutani, Lusungo ilikuwa na kompyuta kumi na moja na haikuwa na mtu wa kuzitumia. Zililetwa kwenye maktaba ya kata kwa ngoma na vigelegele, zikiwa na mfumo wa kununuliwa, na mfumo ule ulikuwa kama mbegu ya mahindi ya dukani: unapanda msimu mmoja, msimu wa pili unarudi dukani. Muda wake ulipoisha vioo vyote viliingia giza, vikadai ufunguo mpya ambao hakuna aliyekuwa nao. Kompyuta zikafunikwa vitambaa, na buibui wakahamia bila kulipa kodi.

Wakaja mafundi watatu, vijana wa papa hapa, mkubwa wao akiitwa Ambilikile. Hawa walijua kazi, wala sitawanyang'anya sifa yao. Waliufuta mfumo ule wakaweka mfumo huria, ambao ni kama maharage ya bibi zetu: unapanda, unavuna, unamgawia jirani, na ukitaka kujua ndani mna nini unapasua na kutazama, hakuna wa kukushtaki. Kompyuta zote kumi na moja zikafufuka. Juu ya mlango wa maktaba wakaandika kwa chokaa, KARIBUNI WOTE.

Lakini karibu ya maandishi haina kiti. Mafundi walikaa nyuma kabisa, nyuso zikitazama ukuta, na kila aliyeuliza jambo alijibiwa, "Limo kitabuni." Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa mia sita, kwa Kiingereza, kimefungwa mezani kwa mnyororo kisije kikaibwa, ingawa sijui nani angekiiba. Si kwamba vijana wale walikuwa na roho mbaya. Walijifunza peke yao, kwa kuteseka, wakaamini kwamba elimu isiyotesa haikai. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama juzi tu alilala bila kula.

Basi watu walikuwa wakiingia asubuhi, na saa sita hawapo tena. Hawakusema kwa nini wameondoka, na hawakurudi. Mafundi wakasema watu wa Lusungo hawapendi maendeleo.

Wakati huo Atuganile Mwasikili alikuwa na miaka hamsini na tisa, na vidole kumi vilivyojulikana wilaya nzima. Miaka thelathini alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha chai. Aliweza kupiga barua ya kurasa mbili huku akisimulia habari za harusi ya mtu mwingine kabisa, bila kutazama mashine, bila kukosea nukta. Alipostaafu alinunua taipureta yake ileile, akaiweka dirishani kama mtu wa familia.

Na alikuwa na kazi moja moyoni. Kwa miaka minne alizunguka kwa mabibi wa vijiji vya jirani akiandika kwenye madaftari majina ya maharage na migomba ya asili: kila aina hupandwa lini, ipi ni ya mzazi aliyejifungua, ipi hupikwa msibani, ipi hustahimili baridi ya Julai. Alitaka kiwe kitabu. Mabibi wawili walikuwa wameshafariki, na mmoja wao aliondoka na majina matatu ambayo Atuganile alipanga kuyachukua Jumapili iliyofuata. Hilo lilimuuma sana. Halafu taipureta ikafa mikononi mwake, na utepe wa wino hata Mbeya hawakuuza tena. Madaftari yakaanza kunyonya unyevu, na wino ukaanza kutambaa. Akaona kwamba asipopata mashine ya kuandikia mwaka ule, majina yote yatawafuata yale matatu.

Alikwenda maktaba siku ya Jumatatu, amevaa gauni lake la ofisini. Ambilikile alimwamkia kwa heshima, akampa kikaratasi chenye jina lake na neno la siri, akamwonyesha kiti. Mafundi walikuwa na msimamo wao: anayetaka ugali asonge mwenyewe. Programu ya kuandikia haikuwekwa tayari. Kila mtu alipaswa kufungua dirisha jeusi, kunakili amri iliyobandikwa ukutani, kisha mashine ingemwuliza neno la siri na kumletea programu yake.

Atuganile alinakili amri ile herufi kwa herufi. Ilitokea yote, safi. Mashine ikaomba neno la siri. Akaanza kuliandika, na hakikutokea kitu. Haikutokea herufi, haikutokea nyota, haikutokea nukta. Hata kile kijiti kinachopepesa kilisimama palepale. Akapiga kwa nguvu zaidi, akapiga mpaka meza ikatikisika, na dirisha likaendelea kumtazama, jeusi.

Sasa, mwingine angewaza jambo lingine, lakini huyu alikuwa mpiga chapa. Kwa mpiga chapa, herufi isiyoonekana ni herufi isiyogonga. Taipureta yake nayo ilifanya vivyo hivyo siku zake za mwisho, mstari mmoja inagonga, mstari wa pili imenata. Kitufe cha enta, cha kupeleka alichoandika, hakukibonyeza. Nani anatia sahihi barua tupu?

"Mwanangu," alimwita Ambilikile, "hii imenata."

"Limo kitabuni, mama," Ambilikile alijibu bila kugeuka.

Atuganile alifungua kitabu. Kiingereza alikuwa nacho, ila kilikuwa Kiingereza cha barua za kikazi, cha kujibu kwamba barua yenu tumeipokea na jambo lenu linashughulikiwa. Kile cha kitabu kilikuwa cha ukoo mwingine. Baadaye sana tulikuja kugundua kwamba jibu lake lilikuwamo kweli, nusu mstari, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Siku ile alisoma mpaka ukurasa wa tisa, akafunga. Aliona aibu, na aibu ya mtu hodari huuma kuliko ya mvivu, maana hajaizoea.

Ndipo alipokumbuka kazi yake. Mashine inayonata ni chafu, na mashine chafu husafishwa na anayeitumia. Kiwandani hakuna mpiga chapa aliyeomba ruhusa kusafisha mashine yake, kama ambavyo hakuna anayeomba ruhusa kuosha kijiko alicholia. Akachomoa kibodi, akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo nyumbani. Akang'oa vitufe kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko, akasugua kwa spiriti na unyoya wa kuku, akavirudisha vyote mahali pake bila kutazama karatasi. Kisha akaianika kibodi kwenye ungo, pembeni ya maharage.

Jua la Lusungo mnalijua, hutoka kama mkwe, likasalimu na kuondoka. Kibodi haikukauka. Jumatano Atuganile alirudi maktaba, akakaa kwenye kompyuta ya pili, akafika pale pale, ikanata pale pale. Akachukua na kibodi ile. Siku ya Ijumaa kompyuta ya tatu nayo ikanata, kibodi yake ikafuata zile mbili. Sasa hakuwa na aibu tena, alikuwa amekasirika. Mashine kumi na moja, na hakuna hata moja inayotunzwa! Akaapa moyoni kwamba jua likipatikana atazisafisha zote.

Jumamosi, siku ya soko, Ambilikile alihesabu kibodi akakuta tatu hazipo. Akapeleka habari kwa Diwani Mwangoka. Diwani alikuwa mtu wa haraka, na jambo lile la kompyuta lilikuwa limeshamchosha. Alisimama kwenye baraza la maktaba, watu wakakusanyika na vikapu vyao.

"Miezi minane mashine hizi hazina watumiaji," alisema. "Sasa zimepata wezi. Tarehe thelathini na moja ya mwezi huu nitakuja na lori. Nikikuta hali ndiyo hii, zinaondoka kwenda wilayani kwa wanaozihitaji."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

"Kibodi?" aliuliza Mama Lugano, muuza nyanya, kwa sauti iliyozoea kuita wateja. "Si hizo zimeanikwa kwa Mama Atuganile, pamoja na maharage?"

Habari ilimfikia Atuganile kabla ya aliyetumwa kumwita. Neno mwizi liliingia uani kwake likamkuta anageuza maharage. Miaka thelathini hakupoteza hata kibanio cha karatasi cha ofisi. Akamwaga maharage, akaacha kibodi tatu juu ya ungo, akajitwika ungo kichwani, akakatiza soko katikati, taratibu, ili kila aliyetaka kuona aone vizuri. Watu walimpisha. Alipofika akautua ungo mezani mbele ya Diwani. Vitufe viling'aa kuliko siku vilipofika Lusungo.

"Sijaiba," alisema. "Nimesafisha. Na niseme ukweli, mmezitunza vibaya. Zinanata."

Mtu mmoja akacheka. Ambilikile alichukua kibodi ya kwanza, akaiunganisha, akaandika maneno matatu manne. Yakatokea.

"Hazinati, mama."

"Hapo bado. Fungua lile dirisha jeusi."

Akafungua. Akaandika amri, ikatokea. Mashine ikaomba neno la siri. Vidole vya Ambilikile vilikimbia juu ya vitufe, na watu waliokuwa wamebanana nyuma yake wakaona kile alichokiona Atuganile mara tatu: hakuna kitu. Atuganile akageuka, akawaambia watu na si yeye, "Mmeona? Hata kwake zinanata."

Ambilikile alibonyeza enta. Mlango wa mashine ukafunguka, programu ikaanza kuja.

"Haionyeshi, mama, lakini inapokea," Ambilikile alisema polepole, kama mtu anayeyasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Inaficha kwa makusudi, aliyesimama nyuma yako asije akaiona siri yako."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

Ambilikile alitazama vitufe vilivyosuguliwa. "Sikujua kwamba ni jambo la kuambiwa mtu."

"Kumbe!" Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Nesi Tumpe wa zahanati, ambaye mikono yake imewapokea nusu ya watoto wa Lusungo. "Kumbe! Mimi nilikuja Machi nikaishia hapohapo. Nikasema basi, kichwa changu kimechoka."

"Hata mimi," alisema mwalimu mkuu. "Hata mimi," alisema seremala. Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine, wa mzee wa kanisa, wa fundi cherehani, wa binti wa posta. Walihesabiwa watu kumi na saba. Wote walikwama mahali pamoja, kila mmoja akarudi nyumbani kimya akiamini kwamba ndiye mjinga pekee katika mji mzima.

Atuganile alizitazama nyuso zile, na aibu yake ikamtoka. Ikaingia hasira, na hasira nayo ikapita, akabaki anaona kazi iliyo mbele yake. Lakini kwanza alitenda haki, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Na mimi sikumwambia mtu kwamba nachukua kibodi kusafisha," alimwambia Ambilikile. "Kwangu lilikuwa jambo linalojulikana. Tumekosa kosa moja, mwanangu. Ninyi jiwe la njiani hamlioni tena, mmeshalipita. Anayeliona ni yule aliyejikwaa jana. Wazee hawakusema bure, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ambilikile hakubisha. Jumatatu yeye mwenyewe alichomoa kompyuta sita na kuzibeba hadi kwenye banda la baiskeli, hili tulimokaa, ambalo siku hizo halikuwa na ukuta wa mbele. Seremala alileta benchi. Ule mguu mfupi ni wake, na hajawahi kuukubali. Atuganile akaandika kanuni ya banda kwenye karatasi moja, na ilikuwa fupi. Anayejibu swali la mgeni ni yule aliyejua mwisho, baada ya wengine wote. Akishindwa, anajibu aliyemtangulia, na hivyo hivyo hadi mwisho wa benchi. Mafundi hukaa nyuma, na hawafungui mdomo mpaka waitwe.

Pia aliweka daftari mlangoni, na sharti lake lilikuwa kwamba kila sentensi ianze na kumbe. Kumbe haionyeshi lakini inapokea. Kumbe herufi kubwa na herufi ndogo kwake ni watu wawili. Kumbe nafasi tupu nayo ni herufi. Seremala aliandika lake kwa herufi zilizojaza ukurasa: KUMBE UKIKOSEA HAIVUNJIKI. Ambilikile alikuwa akilisoma daftari kila Ijumaa. Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili alichukua kalamu aorodheshe ya kurekebishwa, maana aliona kwamba kila kumbe ni shimo njiani, na wao walikuwa wamepita juu yake miaka yote bila kulifukia.

Tarehe thelathini na moja Diwani alikuja na lori na wapagazi wawili. Alikuta benchi limejaa na wengine wamesimama, akaambiwa asubiri zamu. Alipotaka kuhoji, Nesi Tumpe alimvutia kiti. "Mheshimiwa, usiondoe usichokijaribu," alimwambia.

Diwani akakaa, maana watu walikuwa wengi na uchaguzi haukuwa mbali. Alipewa kikaratasi chenye neno la siri, akanakili amri, ikatokea. Mashine ikaomba neno la siri. Akaanza kuandika, akasita. Akaandika tena, akainua vidole, akavitazama. Shingo ikaanza kumtoka jasho. Banda zima lilijua amefika wapi. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa Lusungo: hakuna aliyecheka. Mtu aliyewatisha kwa lori alikuwa amekwama mbele yao, na kila mmoja alikumbuka alivyokwama yeye. Mafundi waliuma midomo nyuma. Kwa kanuni, mwenye zamu ya kusema alikuwa Mama Lugano, muuza nyanya, aliyejifunza asubuhi ile ile.

"Andika tu, baba," alisema. "Inapokea."

Diwani aliandika gizani, akabonyeza, mlango ukafunguka. Kisha alitoka nje akamwambia dereva ageuze lori. Jumatatu alirudi kwa miguu, akaulizia zamu yake ni ya ngapi.

Kitabu cha Atuganile kilichapwa kabla ya baridi ya mwaka ule kuisha, aina arobaini na tatu, na ukurasa mmoja ulioachwa mtupu kwa ajili ya yale majina matatu. Alikipeleka kwa mabibi waliobaki, mkono kwa mkono, na alilia mbele yao bila kujificha. Ambilikile naye alimwita siku moja akamwambia, "Mama, mfumo huu ni huria. Pale palipokukwaza tunaweza kupafungua." Akamfungulia mahali yanapokaa maneno ya mashine. Atuganile akaandika mwenyewe, kwa vidole kumi, bila kutazama, mstari mmoja unaotokea neno la siri linapoombwa: Andika tu. Herufi hazionekani, lakini zinapokelewa. Na kwa kuwa kila anayetoka hapa huruhusiwa kubeba nakala ya mfumo akaiweke kwao, mstari ule umesafiri kama maharage yanavyosafiri kwenye pindo la kanga ya bibi harusi. Umeshafika miji ambayo Atuganile hakuwahi kuikanyaga.

Na tangu siku ile ya soko ungo ule haukurudi kupepeta maharage. Uliangikwa pale juu, na kibodi moja kati ya zile tatu ndani yake, ili kila anayejua akumbuke kwamba kuna wakati hakujua, na ili asiyejua aone kwamba hapa mtu alitwikwa neno mwizi kwa sababu ya swali lisilojibiwa, na aliutua mzigo ule mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo watu wa banda hili wakikutana, iwe sokoni, iwe msibani, mmoja husema, "Andika tu," na mwingine huitikia, "Inapokea." Na tangu siku hiyo mafundi wetu, hata Ambilikile ambaye sasa ana mvi na anaheshimiwa nchi nzima, hukaa kule nyuma na kusubiri kuitwa.

Haya, mmesikia hodi? Kuna mtu mlangoni, na kwa anavyobisha, ana haya. Mimi siinuki, nimejua siku nyingi mno. Aliyejua mwisho ni wewe, uliyekaa upande wa mguu mfupi. Nenda kamfungulie.